Akiba Haiozi, Isipokuwa ya Mpira

Aliyesema kwanza kwamba akiba haiozi hakuwa na tairi la gari stooni mwake. Mpira huoza. Haunuki kama samaki wala hauoti ukungu kama mkate, bali hukauka, hukakamaa na kufanya nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, na hufanya hivyo hata kama haujagusa barabara siku moja. Pamoja na hayo, lugha yetu imelichagua neno hilohilo, akiba, kuliita gurudumu la tano la gari. Neno lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake huko hubeba maana ya kufuata nyuma. Kwa hiyo gurudumu la akiba ni lile lifuatalo mengine, na kwa kweli hukaa nyuma. Uteuzi huo naupenda. Ila historia ya gurudumu hilo, na ya watu waliolilimbikiza majumbani, inauliza swali ambalo methali hailigusi: akiba hukoma wapi, na ulanguzi huanzia wapi?

Nianze na mpira wenyewe. Katika pwani yetu mpira ulikuwa mmea kabla haujawa tairi. Ulikuwa mtambaazi wa msituni, na mmoja wa jamii hiyo wataalamu wa mimea wameupa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja. Baadaye Wajerumani walipanda mti kutoka Brazili, wa jamii ya muhogo, katika mashamba ya Muheza na kwingineko. Nao tukauita mpira. Bei ilipoporomoka mwaka 1913 mashamba yakaachwa, lakini majani ya mti ule yamebaki sufuriani hadi leo kwa jina la kisamvu cha mpira. Kwa jirani zetu wa Kongo neno hilo lina kumbukumbu chungu zaidi. Chini ya Mfalme Leopold, kati ya 1885 na 1908, vijiji vilitozwa mpira kwa mtutu wa bunduki, na mikono ya watu ikakatwa. Ni miaka ileile ambayo Ulaya ilikuwa imeanza kupanda baiskeli na magari yenye tairi za upepo, baada ya John Boyd Dunlop kuifunga ya kwanza kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mjini Belfast, mwaka 1888.

Magari ya mwanzo hayakuwa na gurudumu la akiba. Tairi lilipotoboka, dereva alikaa kando ya njia, akalibandua, akaziba, akajaza upepo kwa mkono, na barabara zilikuwa zimejaa misumari ya viatu vya farasi. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, Thomas Morris Davies na nduguye Walter walibuni duara la chuma lisilo na njiti, lenye tairi lililokwisha kujazwa, ambalo lilibanwa ubavuni mwa gurudumu bovu. Karakana yao ilikuwa katika mtaa wa Stepney, na jina la mtaa likageuka jina la kitu. Hadi leo India gurudumu la akiba ni stepney, Malta ni stepney, na Wabrazili wamelilainisha likawa estepe. Mtaa mmoja mdogo umeingia katika lugha za mabara matatu, ilhali wengi wa wasemaji wake hawajapata kuusikia. Washairi tunahangaika miaka kutunga neno likubalike. Mafundi wale wawili hawakukusudia hata.

Kisha ikaja mwaka 1942, na hapa ndipo banda la gari la mtu binafsi lilipoingia katika historia ya dola. Japani iliteka Malaya na Singapore, na karibu mpira wote wa asili ukawa mikononi mwake. Marekani ilianza kugawa matairi kwa kibali mwezi Januari. Mwezi Juni Rais Roosevelt aliwaomba wananchi wapeleke mpira mkuukuu kwenye vituo vya mafuta, kwa senti moja kila ratili. Mwendo wa magari ukashushwa hadi maili 35 kwa saa. Petroli ilipoanza kugawiwa nchi nzima, tarehe 1 Desemba, sababu kubwa haikuwa petroli. Ilikuwa kuwazuia watu wasimalize matairi. Ili kupata kitabu cha mgawo, mwenye gari alitakiwa kuandika namba za matairi yake na kuapa kwamba hana zaidi ya matano kwa gari moja. La sita na kuendelea alipaswa kuiuzia serikali. Fikiria magurudumu yakitolewa pembeni mwa mabanda, yakifutwa vumbi na kuviringishwa hadi barabarani kuchukuliwa. Sheria ilikuwa imeijibu lugha kwa hesabu: tano ni akiba, sita ni ulimbikizaji.

Huku kwetu hesabu hiyohiyo ililipwa kwa jasho. Waingereza waliyafufua mashamba ya mpira yaliyotelekezwa Tanganyika, na watu wakachukuliwa kwa nguvu ya sheria kwenda kugema utomvu kwa ajili ya vita visivyokuwa vyao. Hilo halitajwi sana katika vitabu tulivyofundishia, na nadhani si kwa bahati mbaya.

Mwaka 1983 nilikuwa mwanachuo wa ualimu, na nililiona swali hilo likirudi kwa sura nyingine. Bidhaa zilikuwa adimu. Sabuni, vitenge, redio na matairi vilitafutwa kama dawa. Serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, watu walitupa mali usiku, wengine mtoni, wengine vichakani. Waliokamatwa na shehena za magendo hawakunisikitisha. Waliosumbua akili yangu ni wale wenye tairi mbili uvunguni, walizonunua kidogokidogo kwa kuwa hawakujua lini zingepatikana tena. Marekani iliwapa watu wake namba. Sisi tulipewa neno, ulanguzi, na kila mtu akabaki kulipima kwa hofu yake.

Hofu hiyo niliikuta katika shule ya kwanza niliyopangiwa. Lori la shule, Bedford la siku nyingi, lilikuwa na tairi moja jipya la akiba, nalo lilifungiwa stoo pamoja na chaki na madaftari. Mtunza stoo alilala na ufunguo. Walimu wakuu wawili walipita, na tairi halikutoka. Lilipotolewa hatimaye, vijana wanne waliliviringisha uwanjani kwa shangwe, na kashata zake zilikuwa kamili kama siku lilipotoka kiwandani. Siku ya tatu lilipasuka mteremkoni, lori likiwa na mahindi na wanafunzi saba juu yake. Mmoja alivunjika nyonga. Anatembea kwa mkongojo mpaka leo, na tukionana hunisalimu “Shikamoo Mwalimu” kwa uchangamfu ule ule.

Tairi hukaguliwa kashata, lakini umri wake umeandikwa ubavuni. Tangu mwaka 2000 tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwanda hutaja wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri lililofikisha miaka kumi liondolewe, la akiba likiwemo, hata kama halijatumika. Hewa ya oksijeni hulila polepole. Ozoni hulila upesi zaidi, nayo huzalishwa na mota za umeme, kwa hiyo jenereta na pampu ya maji havifai kuwa majirani zake. Jua, joto, petroli na mafuta humaliza kazi.

Namna ya kuliweka hutegemea kama lina rimu (mafundi wetu wengine husema ringi). Lenye rimu hulazwa juu ya mwenzake au kutundikwa, upepo ukiwa ndani. Lisilo na rimu husimamishwa wima, na kila mwezi huzungushwa kidogo lisibonyee upande mmoja. Ukilitundika, litavutika kwa uzito wake. Kabla ya kulihifadhi, andika kwa chaki lilikuwa mbele au nyuma, kulia au kushoto. Huo ni ushauri ninaoutoa kwa furaha, maana chaki ni chombo changu. Na usilibebe bila sababu: gurudumu la gari dogo, rimu yake ikiwemo, hufika kilo 15 hadi 20, na mgongo wa mstaafu haurudishwi na pensheni. Liviringishe, mkono mmoja juu, ukitembea kando yake. Likikuponyoka mteremkoni, usilikinge kwa mguu.

Liwe kavu pia, na lisikae nje. Maji machache ya mvua yaliyotuama ndani ya tairi ni kitalu cha mbu aina ya Aedes, ambao mayai yao huvumilia ukavu kwa miezi. Mwaka 1985 mbu wa jamii hiyo kutoka Asia waligunduliwa wamestawi Houston, baada ya kuvuka bahari ndani ya matairi ya mtumba. Jamii hiyo hueneza dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014, na chikungunya, ugonjwa uliobainishwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 huko nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Jina hilo ni la Kimakonde, likitaja mtu aliyepindika kwa maumivu ya viungo. Matabibu wa dunia nzima wanalitamka. Sisi tulio jirani zake ndio tunaodhani ni la kigeni.

Limebaki jambo la jina la mahali. Gereji kwetu ni kwa fundi, penye kelele na mafuta machafu. Gari la nyumbani hulala bandani, na tairi lake hulala stoo, uvunguni au nyuma ya tangi la maji. Katika nchi za theluji, ambako magari mengi yana seti mbili, za kiangazi na za baridi, yapo maghala ya kulipia ambayo Wajerumani na Waswidi huyaita hoteli za matairi. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Uswidi aliniandikia kwamba tairi zake hulala mahali penye joto la wastani kuliko alivyolala yeye bwenini.

Mafundi wa Tanzania nimewasikia wakisema tairi la akiba, tairi la spea na spea tu. Wasomaji wa Mombasa, Lamu, Bujumbura na Lubumbashi, ninyi mnaliitaje, na mnaliweka wapi?