Tarehe ya Ratsimilaho, Mwana wa Rahena

Bukini, yaani Madagaska, upande wa macheo, kuna kisiwa ambacho wenyeji hukiita Nosy Boraha na Wafaransa Sainte-Marie. Hapo ndipo walipokwama maharamia wa Atlantiki, na hapo ndipo penye asili ya Zana-malata, yaani watoto wa machotara.

Wa kwanza kutia nanga akakaa ni Adam Baldridge, mwaka 1691. Alijenga ngome, akauza ng'ombe na mchele kwa wapitao, naye baruti na pombe akiletewa na Frederick Philipse, tajiri wa New York. Mwaka 1697 wenyeji waliinuka wakaivunja ngome, kwa kuwa aliwauza ndugu zao utumwani. Mwaka uliofuata akaja William Kidd na Adventure Galley iliyokuwa ikivuja. Akaiacha izame pale pale, na mabaharia wake wengi wakamhama. Waliobaki kisiwani walibaki kwa sababu vyombo vimeoza, na kwao wangengojewa na kitanzi. Wakaoa.

Ratsimilaho alizaliwa yapata 1694. Mama yake ni Rahena, binti wa wakuu wa Antavaratra, yaani watu wa kaskazini, na kwa huyo ndiko alikopata haki yake. Baba alikuwa Mwingereza aitwaye Tom, na hapa pana ugomvi ambao sitaupita kimya. Wako wasemao ni Thomas White, wengine Thomas Tew wa Rhode Island. Nami nasema ni Tew, na ushahidi wangu ni hesabu ya miezi. Tew alikuwa Nosy Boraha akikwangua chombo chake, Amity, mwishoni mwa 1693, akaondoka Desemba. Mtoto akazaliwa mwaka uliofuata. White alikwama Bukini baadaye sana, mtoto tayari anakimbia. Tew mwenyewe hakumlea: mwaka 1695 aliuawa akiishambulia merikebu ya Wahindi. Basi aliyemlea ni mama na watu wa mama, na wanaomwita mfalme wa maharamia wanamdhulumu Rahena.

Zama hizo Ramanano, mkuu wa Tsikoa, alikuwa ameshuka kutoka kusini akazishika bandari za Fenoarivo, Mahavelona na Toamasina, ili biashara ya Wazungu yote ipite mikononi mwake. Wazee waliomsimulia msafiri Mfaransa Nicolas Mayeur walisema hata makaburi ya wahenga wa kaskazini hayakusalimika. Ratsimilaho, kijana wa miaka kumi na minane hivi, aliwakusanya wakuu wa koo zilizokuwa hazielewani, na mwaka 1712 akaitwaa Fenoarivo. Watu wa Ramanano walikimbia wakiwa wamegandwa na udongo mwekundu, ndipo wakaitwa Betanimena, wengi wa udongo mwekundu. Washindi wakajiita Betsimisaraka, wengi wasioachana. Naye akapewa jina la Ramaromanompo, atumikiwaye na wengi. Ramanano alipewa amani na Toamasina aishike. Haikumtosha, vita vikarudi, akakimbilia kusini.

Ratsimilaho akamwoa Matavy, binti wa mfalme wa Sakalava wa Boina, akatawala hadi alipofariki 1750.

Mwaka huo huo wa 1750, tarehe 30 Julai, binti yake Betia aliiachia Ufaransa kisiwa cha Nosy Boraha. Ndugu yake Zanahary alirithi bara, akauawa 1767, na umoja ukakatika vipande.

Lakini mitumbwi haikukatika. Kuanzia miaka ya 1780 Betsimisaraka na Zana-malata waliongoza misafara mikubwa hadi Ngazija na visiwa vyake, Wasakalava wakijiunga nao, wakiteka watu na kuwauza. Mwanzoni mwa karne ya 19 wavamizi kutoka Bukini walifika Mafia wakauangamiza mji wa Kua. Wazee wa Mafia huwataja Wasakalava peke yao. Lakini njia ile ya bahari, walioifungua ni wajukuu wa Rahena. Magofu ya Kua yapo kisiwani Juani, misikiti haina paa.