Jdbgmgr.exe (uzushi)

Onyo la uongo kuhusu kirusi cha kompyuta, lililosambaa kwa barua pepe mwaka 2002. Lilimtaka msomaji atafute faili la jina hilo, lenye aikoni ya mwanasesere wa dubu, alifute, kisha awatahadharishe wote waliomo kwenye orodha yake ya anwani. Eti kirusi hicho hulala siku 14, na programu za kuzuia virusi, Norton na McAfee, hazikioni. Ombi hilo la kusambaza lilitosha kuutia ujumbe shaka, kwani kirusi halisi hakihitaji ombi kama hilo: Melissa, kirusi halisi cha mwaka 1999, kilijituma chenyewe. Ila faili lilikuwapo kweli, na hapo ndipo wengi waliponasa. Lilikuwa sehemu halali ya Windows, iliyowafaa waandishi wa programu za Java; waliolifuta, wengi hawakuona tofauti yoyote.