Spiriti ya Mbio, Spiriti ya Dhiki

Gari lenyewe sijawahi kuliona kwa macho. Nililiona kwenye simu ya fundi mmoja pale Tunduma, nimekaa juu ya tairi namsubiri anifungie plagi. Ni Lotus Exige 265E, gari la majaribio lililotengenezwa Uingereza mwaka 2006. Lina milango miwili, limelala chini kama mjusi, na linatumia E85, yaani mafuta ambayo asilimia 85 ni ethanoli na kinachobaki ni petroli.

"Kaka, ethanoli si ndiyo spiriti?" fundi akauliza. "Kwa hiyo hili linakunywa gongo?"

Tukacheka. Akaendelea kusoma habari za injini, akaacha kucheka. "Aah, hii si 2ZZ? Si kama hii hapa?" Akanionyesha kwa spana Toyota Runx iliyokuwa imefunguliwa boneti mbele yetu.

Na kweli. Injini ya Exige ile ni Toyota ya lita 1.8, ile 2ZZ-GE iliyomo kwenye Celica na baadhi ya Runx na Allex. Magari ya aina hiyo tunayaona kila siku yakipita hapa kama magari ya IT, yanakwenda Zambia na Kongo. Lotus walikuwa wameshaifungia kifaa cha kuisukumia hewa. Walipoiandaa kwa ajili ya E85, ikatoa nguvu za farasi 264, wakati ndugu yake wa petroli, Exige S, alikuwa na takriban 220. Kutoka kusimama hadi kilomita 96 kwa saa, chini ya sekunde 4.

Siri yake si uchawi. Ethanoli huvumilia kugandamizwa sana bila kuwaka kabla ya wakati wake, tena inapogeuka mvuke inapoza hewa inayoingia kwenye injini. Hapo fundi anaweza kuongeza hewa na kuilazimisha injini bila kuiua. Ila lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kuliko petroli, karibu theluthi moja. Kwa hiyo gari linakimbia zaidi, na linakunywa zaidi.

Kule Uingereza gari hilo lilionyeshwa kama habari ya kesho. Mimi mtoto wa mpakani likanirudisha jana.

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Uingereza ikazuia mafuta yasifike Rhodesia, na Rhodesia nayo ikaikatia Zambia mafuta yaliyokuwa yakipitia kwake. Zambia haina bahari. Basi mapipa ya mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, barabara ya vumbi na matope, mpaka Tunduma na kuvuka. Wazungu waliiita njia ya jehanamu. Babu yangu aliiita barabara ya mapipa. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mafuta yakawa yanapita chini ya ardhi.

Sasa angalia vikwazo vile vile vilifanya nini upande wa pili. Rhodesia, iliyokuwa imebanwa, ikageukia mashamba yake ya miwa. Kiwanda cha ethanoli cha Triangle kikaanza kazi mwaka 1980, nchi ikiwa inabadilika na kuwa Zimbabwe, na spiriti yake ikachanganywa kwenye petroli. Mwaka 1982 wakafuata jirani zetu wa Malawi, kwa molasi ya kiwanda cha sukari cha Dwangwa. Nao hawana bahari, na vita ya Msumbiji ilikuwa ikizidi kuziba njia zao za kwenda Beira na Nacala. Mbali zaidi, Brazil ilikuwa imeanzisha mpango wake wa ethanoli mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa anatafuta mbio. Walitafuta namna ya gari kuwaka asubuhi. Ndiyo maana naona historia ya mafuta mbadala inasimuliwa kichwa chini, kana kwamba ilizaliwa kwenye maabara za magari ya kifahari, na sisi tutaipata baadaye ikishachuja. Katika ukanda huu ilizaliwa na dhiki, miaka zaidi ya 20 kabla ya Exige ile.

Na sisi wa upande huu? Wakubwa wanakumbuka. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Petroli ilikuwa ya foleni na ya kujuana. Baba aliuza Peugeot 404 yake mwaka 1983, haina ubovu wowote. Iliuzwa kwa sababu ilikaa miezi mingi bila mafuta, kuku wakaanza kutaga ndani. Ng'ambo ya mto Songwe, mwaka huo huo, Wamalawi walikuwa wakijaza petroli iliyochanganywa na molasi yao. Sisi nasi tulikuwa na miwa, Kilombero, Mtibwa na Kagera.

Nilimweleza fundi hayo yote wakati anamalizia plagi ya mwisho. Akaniuliza hiyo Runx ingehitaji nini. Nikamwambia ninachojua: nozeli zinazopitisha mafuta mengi zaidi, mipira ya mafuta isiyoliwa na spiriti, na kompyuta ya gari ipangwe upya.

"Hayo nitafunga mimi," akasema. "Niletee mafuta tu."

Jioni nilimpelekea baba ile picha. Ana miaka 80 sasa, na simu huishika mbali na macho. Nikamweleza nguvu za farasi, nikamweleza sekunde 4. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Hiyo spiriti, lita wanauza shilingi ngapi? Na inapatikana siku zote?"