Mahiga, Augustine Philip

Augustine Philip Mahiga (28 Agosti 1945 – 1 Mei 2020) alikuwa mwanausalama na mwanadiplomasia wa Tanzania, mzaliwa wa Tosamaganga, Iringa. Alisomea uzamivu Toronto, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaongoza Usalama wa Taifa 1980–1983, kazi ambayo kwa asili yake huacha machache ya kuandikwa. Baadaye alihudumia wakimbizi chini ya Umoja wa Mataifa, na 2003 akawa balozi wa Tanzania katika Umoja huo, New York. Somalia ndiko alikong'ara: akiwa mjumbe maalumu wa Umoja huo (2010–2013), Januari 2012 alirudisha ofisi yake Mogadishu baada ya miaka 17 Nairobi, Agosti hiyo bunge jipya likaapishwa. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje 2015–2019, halafu wa Katiba na Sheria hadi alipofariki.