Njia za kupunguza mionzi katika upasuaji wa mawe ya figo

Daktari anayetafuta jiwe ndani ya figo huhitaji jicho linalopenya nyama. Tangu Mjerumani Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, tiba imepata jicho hilo. Hata hivyo, mionzi inayoonyesha jiwe hupita katika mwili wa mgonjwa, na sehemu yake hutawanyika na kuwafikia daktari, muuguzi na wasaidizi walio chumbani.

Zamani mawe makubwa yaliondolewa kwa kupasua ubavu wa mgonjwa. Mwaka 1976 madaktari Fernström na Johansson wa Uswidi walieleza jinsi ya kuyatoa kupitia tundu dogo linalotobolewa hadi kwenye figo. Mwaka 1980, mjini Munich, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mawimbi ya mshtuko yanayovunja mawe kutoka nje ya mwili. Aidha, siku hizi darubini nyembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo hadi jiwe lilipo, nalo likasagwa kwa leza.

Njia hizi humpunguzia mgonjwa kovu na siku za kulazwa. Lakini kwa kuwa jiwe limefichika, mara nyingi daktari huongozwa na floroskopi, yaani eksirei inayotoa picha mfululizo kwenye skrini. Kila sekunde mashine inapowaka, mionzi hutoka.

Mionzi hupimwa kwa milisiveti. Kwa wastani, binadamu hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na mazingira asilia, kama vile udongo, hewa na anga. Skani ya CT ya kawaida ya tumbo na nyonga huweza kufikia milisiveti 10, ilhali ile ya kiwango cha chini, inayotosha kutambua mawe kwa wagonjwa wengi, huwa chini ya 4. Picha moja haimtii mtu hatarini sana. Tatizo ni kwamba mawe ni maradhi yenye mazoea ya kurudi, na wagonjwa wengi ni watu ambao bado wana miaka mingi ya kuishi. Haba na haba hujaza kibaba, na kadiri mionzi inavyolimbikizana ndivyo uwezekano wa saratani unavyoongezeka.

Kwa wahudumu, kibaba hujaa kwa njia nyingine. Mgonjwa hupigwa mionzi siku ya upasuaji wake; daktari husimama kando ya meza hiyo hiyo kwa miaka. Kiungo kinachotiliwa shaka zaidi ni jicho, ambalo huweza kupata mtoto wa jicho. Mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICRP, ilipendekeza kikomo cha lenzi ya jicho la mfanyakazi kishushwe kutoka milisiveti 150 hadi 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano.

Kanuni inayofuatwa ni kutumia mionzi kidogo kadiri inavyowezekana bila kuhatarisha kazi yenyewe. Nguzo zake ni tatu: muda, umbali na kinga.

Kuhusu muda, siri kubwa imo katika mguu wa daktari. Floroskopi huwashwa kwa pedali, na anayeikanyaga mfululizo hupata picha nyingi asizozihitaji. Inafaa kukanyaga kidogo, kuachilia, kisha kuitazama picha ya mwisho inayobaki kwenye skrini. Mashine nyingi pia huruhusu idadi ya picha kupunguzwa kutoka 30 kwa sekunde hadi 4 au chini ya hapo. Isitoshe, daktari akibana eneo linalomulikwa hadi pale jiwe lilipo tu, viungo vingine huepushwa.

Kuhusu umbali, mhudumu aliye mita mbili kutoka chanzo hupata takriban robo ya mionzi anayopata aliye mita moja. Asiye na kazi karibu na meza na arudi nyuma. Vilevile, kitoa mionzi kiwekwe chini ya meza na kipokezi kiwe juu, karibu na mwili wa mgonjwa. Mionzi mingi hutawanyika upande inakoingilia mwilini, hivyo mpangilio huo huukinga uso wa daktari.

Kinga ni aproni ya risasi, kikinga cha shingo kinacholinda tezi, na miwani maalumu. Aproni itundikwe, isikunjwe, kwani ikikunjwa hufanya nyufa zisizoonekana ambazo hupitisha mionzi.

Njia iliyo bora zaidi ni kutotumia mionzi kabisa panapowezekana. Mawimbi ya sauti, yale yanayotumiwa kumtazama mtoto tumboni, huweza kumwongoza daktari mwenye ujuzi hadi kwenye figo. Hayo ndiyo huanza kutumiwa kwa mama mjamzito.

Nchini Kenya, sheria ya nyuklia ya mwaka 2019 ilichukua mahali pa ile ya awali ya kinga dhidi ya mionzi na kuunda mamlaka ya udhibiti, KNRA. Lakini sheria haikanyagi pedali. Beji ya kupimia mionzi isiyovaliwa haimwambii mtu lolote, na aproni iliyoachwa ukutani haimkingi yeyote.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Amweleze daktari skani alizowahi kupigwa, na mwanamke aseme iwapo huenda ni mjamzito. Asikatae matibabu kwa hofu, maadamu jiwe linaloziba mkojo huweza kuharibu figo, na likiandamana na maambukizi huweza kuua. Mionzi yenye sababu ni dawa. Isiyo na sababu ndiyo ya kuepukwa.