Mnada wa nyumba ya rehani

Mnada wa nyumba ya rehani ni uuzaji wa hadharani wa nyumba iliyowekwa dhamana ya mkopo ambao haukulipwa. Nchini Tanzania, anayenunua ili akae mwenyewe hana upendeleo wowote mbele ya mfanyabiashara. Marekani, nyumba za aina hii zinazoangukia mikononi mwa serikali huanza kutolewa kwa watakaoishi humo, kwa sharti la kukaa walau miezi 12. Tanzania iliwahi kulikaribia jambo hilo mwaka 2002, Serikali ilipoanza kuwauzia watumishi wa umma nyumba walizokuwa wakikaa, lakini hizo hazikuwa za rehani wala hazikunadiwa. Za rehani, kama dhamana nyingine za madeni sugu ya mabenki ya umma, zilikuwa kazi ya LART, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1991.

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mkopeshaji humpa mdaiwa notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Kisha dalali hutangaza kwa siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada. Kwa nyumba iliyopo Dunda, kata ya mjini Bagamoyo, tangazo lazima lisikike Bagamoyo kwenyewe. Gazeti la Dar es Salaam peke yake halitoshi. Tangazo liwe kwa Kiswahili pia, litaje jina na makazi ya mwenye nyumba, na limfikie hata asiyejua kusoma. Ndiyo kazi ya gari la matangazo.

Kwa anayetaka kununua, uchunguzi wa maana hufanywa kwa majirani na kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukutani huenda pameandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI: pengine ni kinga dhidi ya matapeli, pengine ndugu wanagombania mirathi. Kubwa zaidi ni mke. Rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenzi, na mke ambaye hakutia saini anaweza kuibua kesi itakayomweka mnunuzi mahakamani miaka.

Mnada ukiwa wa mahakama, si wa mkopeshaji mwenyewe, mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 15. Muda huo ni mfupi mno kwa mwalimu anayetegemea mkopo wa benki, na hapo ndipo wenye fedha taslimu humpiku. Hata akilipa, asikimbilie kupaka rangi: mdaiwa akiwahi kuleta deni lote mahakamani ndani ya muda wa kisheria, pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi, mnada hufutwa.

Wenyeji wakigoma kutoka, mnunuzi huomba amri ya mahakama. Kung'oa mlango usiku ni kujitafutia kesi. Aliyepata jumba la mawe la Mji Mkongwe wa Bagamoyo lililo chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, asiguse ukuta wala mlango wa nakshi kabla ya kibali cha Idara ya Mambo ya Kale.