Chumvi, Karata na Sabuni ya Mfalme

Mfanyabiashara mmoja akijitwalia soko zima, watu aghalabu husema: Serikali na imzuie. Lakini wako wanafikra, watetezi wa uhuru wa mtu na wachukiao Serikali yenye nguvu nyingi, ambao kwanza huuliza: Je, ni nani aliyempa soko hilo? Katika historia ya Uingereza swali hilo lina uzito.

Zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, vita vilikuwa vimeikausha hazina. Badala ya kuwalipa watumishi wake fedha, Malkia aliwapa baadhi yao hati za ukiritimba, yaani haki ya kuuza kitu peke yao. Huyu alipata chumvi, yule siki, mwingine karata za kuchezea. Bei zikapanda, na chumvi, msomaji ajua, si anasa. Mwaka 1601, orodha ya hati hizo iliposomwa Bungeni, mjumbe mmoja aliuliza kama mkate nao haumo. Ilikuwa dhihaka, lakini dhihaka yenye hofu ndani yake. Elizabeth, aliyejua wakati wa kulegeza kamba, alizifuta hati kadhaa.

Hata mwaka 1624 Bunge likatunga sheria ya kuzibatilisha hati za namna hiyo, ila mvumbuzi wa kitu kipya aliachiwa haki yake kwa miaka 14. Vyama vya wafanyabiashara navyo viliachwa nje ya sheria, na kwa tundu hilo Mfalme Charles wa Kwanza akapenya: katika miaka ya 1630 kampuni moja ilipewa sabuni. Wapika sabuni wa London waliokaidi walitiwa gerezani. Palifanywa hata shindano la kufua nguo hadharani, ili raia wasadiki kwamba sabuni ya kampuni ni njema! Hawakusadiki.

Hapa watetezi wa uhuru wana haki: aliyeulea ukiritimba ndiye mwenye gereza. Lakini kuna ukiritimba usiozaliwa na hati. Huko Marekani, Standard Oil ya Rockefeller ilishika, katika miaka ya 1880, kadiri ya asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta, hata mahakama kuu ikaivunja mwaka 1911 kuwa makampuni 34. Watetezi hao hujibu kwamba mafuta ya taa yalikuwa yameshuka bei, na washindani walikuwa wameanza kuongezeka kabla ya hukumu. Ni kweli. Walakini Rockefeller alikuwa amepatana kwa siri na makampuni ya reli, apunguziwe nauli. Msafishaji mdogo aliyelipa nauli kamili, na kufilisika, hakuweza kuwangoja washindani wa miaka 30 baadaye.